Ukiambiwa "ni mila yetu", uliza ni ya nani

Aprili mwaka jana tulimzika shangazi yangu. Kabla ya jeneza kushuka kaburini, tulikaa siku nne tukibishana kuhusu mahali pa kuchimba.

Shangazi hakuwahi kuolewa. Alikuwa karani Nairobi kwa miaka 31, akiishi chumba kimoja mtaani Umoja, na kila mwisho wa mwezi pesa zake zilielekea nyumbani. Alilipa karo ya watoto sita ambao hakuwazaa, na mimi ni mmoja wao. Mabati ya nyumba ya Dani (kwetu upande wa Nyanza ndivyo tunavyomwita nyanya) aliyanunua yeye. Tangi la maji, yeye. Hata fahali aliyechinjwa siku ya mazishi ya babu, yeye.

Sasa amekufa, wazee wakakaa chini ya mwembe na kutoa kauli. Binti ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Atazikwa nje ya ua. Watoto wake wa kulea tulipouliza kwa nini, jibu lilikuwa fupi: "Ni mila yetu."

Pasta naye alikuja na yake. Alisema kanisa halitaendesha ibada iwapo usiku wa matanga kutapigwa ngoma au kufanywa jambo lolote la kimila, kwa sababu kanisa lina taratibu zake zilizoachwa na waanzilishi. Na siku yenyewe ya mazishi, mwanasiasa mmoja alifika na msafara wa magari manne, akanyakua maikrofoni na kutukumbusha kwamba sisi watu wa huku tuna desturi ya kupiga kura kwa kauli moja, na kwamba anayekwenda kinyume na wazee si mtoto wa nyumbani.

Yaani jeneza moja, maikrofoni tatu, na kila aliyeshika maikrofoni alikuwa akitetea jambo la zamani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Shangazi mwenyewe alitaka nini.

Mimi nina miaka 28. Sijaolewa, naishi Roysambu, na sina mpango wa harusi hivi karibuni. Kwa hivyo usidhani nilikuwa nimekaa pale kama mtalii. Wazee walipokuwa wakionyesha kwa fimbo mahali pa kaburi nje ya ua, walikuwa wakinionyesha langu pia.

Ndiyo maana nimeandika. Nataka tuongee kuhusu mila, wewe na mimi, bila kelele za mitandaoni ambako upande mmoja unasema "mila ni ushamba" na upande wa pili unasema "vijana wa siku hizi mmepotea". Hizo pande zote mbili zimekataa kufikiri.

Tuelewane kwanza

Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili: mila, desturi, jadi, mapokeo. Mila limetoka Kiarabu, ambako lilihusu dini na jamii ya waumini wake. Jadi pia ni la Kiarabu, na ndani yake kuna babu. Desturi lina asili ya Kiajemi. Kumbe hata maneno tunayotumia kusema "hiki ni chetu tangu zamani" yalikuja na jahazi, tukayapokea, yakawa yetu. Leo hakuna anayeyaita ya kigeni.

Neno la nne, mapokeo, limezaliwa na kitenzi kupokea, na mimi ndilo ninalolipenda. Jambo haliwezi kupokewa bila mtu wa kulipokea. Nyanya yako alipokea kwa mamake, akapunguza hapa, akaongeza pale, kisha akampa mamako. Angalia chapati. Zilikuja na Wahindi, zikaingia jikoni mwetu, na leo ukimwambia Mkenya kwamba Krismasi hii hakuna chapati atadhani kuna msiba. Hiyo ni mila kamili, na haina umri mkubwa hata kidogo.

Kwa hivyo kuna mila, halafu kuna kung'ang'ania mila. Mila ni jambo ambalo watu wanaishi nalo kwa sababu linawafaa: namna ya kuzika, kuoa, kusali, kugawana, kusameheana. Likiacha kuwafaa hulibadilisha, mara nyingi kimyakimya. Kung'ang'ania mila ni msimamo mwingine kabisa. Ni kusema kwamba jambo ni sahihi kwa sababu ni la zamani, na kwamba ukiliuliza tayari umekosa adabu. Mwenye mila anaweza kukueleza sababu yake. Mng'ang'anizi hukasirika.

Ukishaishika tofauti hiyo, utaiona kila mahali. Tuanze kanisani na msikitini.

Dini: cha zamani kipi?

Wengi wetu mjini tumewaona waumini wa Legio Maria siku ya Jumapili, wakiwa na kanzu zao za rangi na rozari. Kanisa hilo lilijitenga na Kanisa Katoliki huku kwetu Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni wakati huohuo, kati ya 1962 na 1965, ambapo maaskofu wa Kikatoliki walikutana katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano na kufungua mlango wa misa kusomwa kwa lugha za watu. Roma ikaanza kuweka Kilatini kando. Legio Maria, kanisa la Waafrika lenye nabii wake Mwafrika na maono yake ya Kiafrika, likabaki na Kilatini katika ibada zake.

Tafakari hapo. Nani hapa ndiye mhifadhi wa mapokeo? Aliyebaki Roma na kubadilisha lugha, au aliyetoka Roma na kubaki na lugha? Na mjadala huo haujaisha. Mwaka wa 2021 Papa Francis aliweka masharti makali kwa misa ya Kilatini ya mtindo wa zamani, kwa sababu aliona kuna watu wanaoitumia kuupinga Mtaguso wenyewe. Waliokasirika walisema Papa anavunja mapokeo. Yeye alisema anayalinda. Pande zote mbili zilitumia neno lilelile.

Twende Lamu sasa. Maulidi ya Lamu huvuta watu kutoka pwani nzima na ng'ambo, na ukimuuliza mtu yeyote atakwambia hiyo ndiyo Lamu ya jadi. Lakini yalivyoanza yalikuwa na utata. Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Komoro aliyehusishwa na Msikiti wa Riyadha, aliwafundisha watu ambao mabwana wa mji hawakutaka kukaa nao: wageni maskini, na watu waliowahi kuwa watumwa pamoja na watoto wao. Akaruhusu maulidi yasomwe hadharani kwa matari na ngoma. Wakubwa wa Lamu wa wakati huo hawakufurahi. Zaidi ya karne moja baadaye, jambo lililowaudhi ndilo fahari ya mji, ingawa bado wapo Waislamu wanaoliita bidaa.

Sasa rudi kwa pasta wetu. Aliyekataza ngoma matangani ana kanisa lenye seti ya ngoma, gitaa la besi na spika mbili kubwa kuliko friji. Wamishonari wengi wa kwanza waliziona ngoma za Kiafrika kuwa za kishetani. Wangeingia kanisani mwake Jumapili wangekimbia. Simlaumu kwa kupiga ngoma, zinapendeza. Ninachosema ni kwamba kanisa lake lilibadilika, likabaki kanisa. Kwa nini basi matanga ya Dani yaambiwe hayawezi kuguswa na ngoma bila kuwa ya kipagani?

Utamaduni: kesi ya S.M.

Kama hujawahi kusikia kesi ya S.M. Otieno, waulize wazazi wako jioni ya leo. Watasahau chakula.

Silvano Melea Otieno alikuwa wakili mashuhuri Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, mpigania uhuru kutoka ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema ndiko mumewe alikotaka. Ukoo wa Umira Kager, ukiongozwa na nduguye marehemu, Joash Ochieng' Ougo, ulisema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda mahakamani, ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, na nchi nzima ikaifuata gazetini kama tamthilia. Mwili ulikaa mochari zaidi ya miezi mitano. Ukoo ukashinda, na tarehe 23 Mei 1987 S.M. akazikwa Nyalgunga. Mjane wake hakuhudhuria.

Watu wengi huikumbuka kesi hiyo kama vita vya mila dhidi ya usasa, au Wajaluo dhidi ya Wakikuyu. Mimi naona jambo lingine. Mila ya Wajaluo ilitetewa na mawakili, kwa Kiingereza, mbele ya majaji, katika mfumo wa sheria tuliorithi kwa Waingereza. Wazee wakatoa ushahidi, mwanafalsafa Odera Oruka akatoa ushahidi, hata mchimba kaburi akatoa ushahidi. Mwishowe majaji wakaandika mila ni nini. Na jambo likishaandikwa na mahakama, linaganda. Chini ya mwembe, wazee wanaweza kusema "safari hii tufanye hivi, kwa sababu hali ni tofauti." Hukumu ikishatoka, kila anayekuja baadaye atanukuliwa hukumu.

Sisemi mahakama ni adui. Mahakama hizohizo zimewahi kufungua pia. Mwaka wa 2005, katika kesi ya familia ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe shamba dogo kuliko ndugu zao wa kiume kwa kuwa huenda wakaolewa. Na Katiba ya 2010 imesema mambo mawili ambayo kila kijana anafaa kuyajua. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 44 kinakataza mtu yeyote kumlazimisha mwenzake kushiriki au kufanyiwa desturi au tambiko lolote la kitamaduni. Soma vyote viwili pamoja. Utamaduni ni wako, na kwa sababu ni wako, hauwezi kutumiwa kukufunga kamba.

Siasa: nyayo za nani?

Kwenye siasa ndiko mila hupikwa haraka zaidi, maana kuna anayetaka kuila leo.

Alipochukua urais mwaka wa 1978, Daniel arap Moi alituambia tufuate nyayo. Nyayo ni neno la mapokeo kabisa: aliyetangulia amekanyaga hapa, nasi tukanyage palepale. Mwaka wa 1982 Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kisheria. Na hoja mojawapo iliyosikika sana Afrika wakati huo, hata kwa Mwalimu Nyerere jirani, ilikuwa kwamba upinzani si jambo la Kiafrika, kwamba wazee wetu walikuwa wakizungumza hadi wakubaliane. Ni kweli walizungumza hadi wakakubaliana. Ila chini ya mwembe kila aliyekuwa na neno alilitoa kabla ya kukubaliana. Serikali ilichukua makubaliano na kuyaacha mazungumzo. Ilibidi watu wafungwe na wengine wakimbilie uhamishoni ndipo kifungu hicho kikafutwa, Desemba 1991.

Au chukua chifu. Vijijini tunamheshimu kana kwamba cheo chake ni cha enzi na enzi. Miongoni mwa Agikuyu, kwa mfano, hakukuwa na chifu. Mambo yaliamuliwa na kiama, yaani baraza la wazee. Chifu aliteuliwa na mkoloni ili akusanye kodi na kutafuta wafanyakazi. Na majina yenyewe ya makabila ambayo wanasiasa wanayatumia kutupanga kama ng'ombe? Kalenjin na Mijikenda ni majina yaliyoshika nguvu miaka ya 1940, pale jamii zilizokuwa na majina yao zilipoamua kuungana. Sidharau uamuzi huo; ulikuwa wa busara, watu walihitaji sauti moja. Lakini ukiambiwa "sisi tangu jadi tumekuwa kitu kimoja", kumbuka kuna wazee waliokuwa watu wazima kabla jina hilo halijaenea.

Hapa lazima niwe mwaminifu, kwa sababu mila haijatumika kukandamiza pekee. Imetumika pia kupinga ukandamizaji. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza kwa viapo na kwa nguvu ya kaya. Mwaka wa 1929, misheni zilipowalazimisha Wakikuyu kuukana ukeketaji la sivyo waondoke kanisani, maelfu waliondoka, wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe. Hizo shule huru zilikuwa ujasiri mkubwa. Lakini uwanja wa vita hivyo ulikuwa mwili wa msichana. Misheni zilikuwa na msimamo, chama kilikuwa na msimamo, Jomo Kenyatta akaandika kitabu mwaka wa 1938 akiutetea utamaduni wake, na sauti ya msichana mwenyewe ni vigumu kuipata katika makelele yale. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipatikana 2011, miaka 82 baadaye.

Kwa hivyo, mtu anaweza kuitetea mila kwa nia njema kabisa, dhidi ya adui wa kweli, na bado bili ikaletwa kwa mtu ambaye hakuulizwa. Kama ilivyokuwa kwa Shangazi.

Na sisi je?

Sasa tujiangalie, maana ni rahisi kuwacheka wazee.

Kuna jamaa ninaowajua hapa mjini ambao ni watu wa kisasa hadi siku ya kuoa. Mahari ikitajwa, wanasema "hizo ni mambo za kitambo, mapenzi hayauzwi." Bibi akishafika nyumbani, mila inarudi mbio: mwanamke ndiye wa kupika, mwanamke haulizi mumewe ametoka wapi. Kuna na wasichana wenzangu wanaosema wako huru, lakini bili ya chakula ikiletwa mezani wanakumbuka ghafla kwamba kwa mila ya Kiafrika mwanamume ndiye hulipa. Bana, tuwe wakweli. Mila ya kuchagua kama nyanya sokoni, ile laini natia kikapuni na ile ngumu namwachia muuzaji, hiyo pia ni kung'ang'ania mila. Tofauti ni kwamba wewe unang'ang'ania nusu.

Halafu kuna wale wanaosema tutupe kila kitu. Kwao mazishi ni gharama, matanga ni kupoteza muda, ukoo ni kundi la WhatsApp la kuombana pesa. Nawaelewa, hasa hapo pa pesa. Lakini usiku wa pili baada ya Shangazi kufa, nilikuwa nimekaa nje saa nane usiku, sina usingizi. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamelala kwenye mikeka karibu na jeneza lake. Wengine sikuwajua hata majina. Hawakulipwa, hawakualikwa, na asubuhi walikuwa na mashamba ya kupalilia. Walikuja kwa sababu marehemu halali peke yake. Hiyo nayo ni mila yetu. Sijaona programu ya simu inayoweza kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo sitaki kuitupa. Nataka kuipokea, na anayepokea huangalia anachopewa.

Maswali matatu

Mimi siku hizi nikiambiwa "ni mila yetu" huuliza mambo matatu, kwa adabu, na nakushauri uyajaribu.

La kwanza: jambo hili lilikuwa la kutufanyia nini? Karibu kila mila ilikuwa na kazi. Niliuliza kuhusu kuzika binti nje ya ua, na mzee mmoja akanieleza bila hasira kwamba mwanamke alitarajiwa kuwa na boma kwa mumewe. Huku kwa babake alikuwa mpitaji, kwa hivyo hakuwa na mahali pa kaburi. Sawa, nimeelewa. Lakini Shangazi hakuwa mpitaji. Boma lile lilisimama kwa mshahara wake.

La pili: nani analipa, na nani anafaidika? Ukiona mila ambayo kila mara anayelipa ni mmoja, iwe ni mke, binti, kijana au maskini, na anayefaidika ndiye anayeitafsiri, hapo simama kidogo.

La tatu: je, naruhusiwa kuuliza? Hili ndilo kubwa. Mila iliyo hai haiogopi swali la mtoto. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, walisikia kutoka kwa baadhi ya wakubwa kwamba hawana heshima. Hoja zao za kodi zilikuwa na tarakimu na vifungu. Jibu walilopewa lilihusu tabia. Mtu akiacha hoja yako na kuanza kupima adabu yako, jua hana jibu, ameazima fimbo ya babu.

Ua

Najua unataka kujua tulimzika wapi.

Jioni ya siku ya tatu, Dani aliomba kusema. Ana zaidi ya miaka 80 na huongea polepole. Alisema: "Alipoleta mabati, hamkumwambia ayaweke nje ya ua." Akanyamaza. Hakuna aliyemjibu.

Kisha akainuka binamu ya babu, mzee kuliko wanaume wote waliokuwepo, ambaye siku zote tatu alikuwa kimya. Alisema yeye hawezi kuvunja neno la wazee waliomtangulia. Binti ambaye hajaolewa atazikwa nje ya ua. Nikahisi moyo umeanguka. Akaendelea: "Lakini ua ulipandwa na mkono wa mtu. Mkono wa mtu unaweza kuupanda tena."

Kaburi lilichimbwa nje ya ua, mahali walipotaka wazee. Asubuhi baada ya mazishi vijana walikuja na panga, wakakata matawi ya minyaa kutoka kwenye ua wa zamani na kuyachomeka upande wa pili wa kaburi, kuzunguka hadi kwenye lango. Minyaa haina matata, ukichomeka tawi linashika. Kufikia Desemba lilikuwa limefika kiunoni. Shangazi yuko ndani.

Nilimpenda sana yule mzee siku ile, na bado nampenda. Hakutukana mila wala hakuiabudu. Aliitumia kama fundi anavyotumia chombo anachokijua.

Lakini sitakudanganya kwamba mambo yameisha. Kabla ya kurudi Nairobi nilimfuata nikamuuliza: "Na mimi, baba? Mkinileta hapa siku moja kabla sijaolewa?" Alicheka akasema, "Wewe utaolewa." Lilikuwa jibu la upendo, ila halikuwa jibu. Ua ulihamishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Sheria imebaki palepale, na kwetu tuko mabinti watano tusio na waume. Hatuwezi kuwa tunahamisha ua kila mwaka.

Kwa hivyo Agosti, ukoo ukikutana, nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nitalisema tukiwa wote hai na tumeshiba, kabla hatujawa na jeneza la kutuharakisha. Huenda wakanikatalia. Angalau watanikatalia nikiwa nawasikia.

Nawe ukienda nyumbani likizo ijayo, usiende na dharau wala usiende kichwa chini. Kaa na mzee wako, mpelekee sukari, kisha muulize mambo ya kwenu yalikuwaje alipokuwa mdogo, na nini kimebadilika tangu hapo. Utashangaa atakavyokuhesabia mabadiliko, moja baada ya jingine, mengine aliyafanya mwenyewe.